Mwalimu, mbona daftari ni tupu?

Swali hili tunaulizwa kila muhula unapofungwa, hasa na mzazi ambaye mtoto wa jirani yake tayari anaimba A mpaka Z. Wengine hawaulizi, wanamhamisha tu mtoto. Basi tujibu.

Katika nasari yetu hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, mtoto ndiye anayeanzisha, mwalimu anafuata. Muhula uliopita mvulana wa miaka minne alipanga vizibo vya soda, kimoja nyuma ya kingine, kutoka mlangoni hadi dirishani. Ni nini hivyo? "Matrela. Yanangoja kuvuka." Kesho yake akairudia foleni yake. Siku ya tatu mwalimu akaketi mkekani akamwuliza: lipi la Kenya, lipi la Uganda? Akakwama kidogo, kisha akasema yana namba za gari, akaomba chaki. Asubuhi ile akaijua K na U. Wiki haijaisha, akadai R ya matrela ya Rwanda na T ya Tanzania. Wenzake wakajiunga. Mmoja akawa ofisa wa forodha, anahesabu matrela na kuyarudisha yaliyokosa karatasi (alijulia wapi, hatukuuliza). Daftarini hakikuingia kitu.

Wapo wanaodhani tunawaacha watoto wajifanyie watakavyo. Hapana. Kila siku mwalimu anaandika nani alishika nini, alikaa nacho muda gani, alikwama wapi. Jioni anachagua vya kuweka chumbani kesho: maharage, udongo, maganda makavu ya mgomba. Na kupigana ni marufuku, hilo halina mjadala.

"Lakini hayo si ya matajiri wa Kampala?" Maria Montessori, daktari wa Italia aliyeanzisha mfumo wa mwalimu kumfuata mtoto, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, katika mtaa wa San Lorenzo, na waliokuja ni watoto wa vibarua maskini. Hapa kwetu, mwongozo wa NCDC (kituo cha taifa cha mitaala cha Uganda) wa mwaka 2005 kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 nao unataka wafundishwe kwa michezo. Vizibo tunaokota bure.

Mzazi anayetaka daftari lijae muhula wa kwanza, tunamwambia mapema: hapa utakasirika. Ila kila Jumatano, saa mbili hadi saa nne asubuhi, mlango uko wazi. Njoo ukae mkekani, zima simu, na tafadhali usimsaidie mtoto yeyote.