Barua kwa mwanangu anayekwenda kuwahudumia wakimbizi

Ifunda, Iringa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na habari kwamba umepata kazi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imetufurahisha sana mimi na baba yako. Umeomba nikueleze juu ya shirika nililolitumikia nilipokuwa bibi shamba kijana. Nakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu naamini historia hiyo itakusaidia kazini kuliko ushauri wowote wa jumla ambao mzazi angeweza kukupa.

Ujue kwanza kwamba hata nyanda zetu hizi zimewahi kupokea wakimbizi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, hapa Ifunda na kule Kidugala, upande wa Njombe, waliishi Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, ambao utawala wa Stalin ulikuwa umewang'oa makwao na kuwapeleka Siberia na Asia ya Kati, kisha wakatoka kupitia Uajemi kuanzia mwaka 1942 na kuletwa Afrika Mashariki. Walitunzwa, wakajengewa nyumba na shule, lakini hakuna aliyetarajia kwamba wangekuwa wenyeji wa hapa, na vita vilipokwisha wengi walihamishiwa Uingereza, Kanada na Australia.

Shirika letu lilianza kwa nia tofauti, ya kuwasaidia wakimbizi kukaa na kujitegemea. TCRS, yaani Huduma ya Wakimbizi ya Kikristo Tanganyika, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, wakati Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao walipokuwa wamekwisha kuingia nchini, na Wamsumbiji waliokimbia vita vya ukombozi walipoanza kuvuka mto Ruvuma. Kazi ilifanywa kwa mkataba wa pande tatu: serikali ilitoa ardhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitafuta fedha, na TCRS ikatenda kazi yenyewe ya kupima viwanja, kufungua barabara, kutafuta maji, na kujenga zahanati na shule. Wamsumbiji wengi walirudi kwao baada ya uhuru wa mwaka 1975. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 ndio waliokaa muda mrefu zaidi, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, magharibi mwa nchi.

Mimi nilipelekwa Mishamo baada ya kuhitimu Chuo cha Kilimo Uyole. Kila familia ilipewa shamba lake, jembe, panga, shoka na mbegu, pamoja na posho ya chakula iliyopunguzwa kadiri mavuno yalivyoongezeka, mpaka ikakoma. Watu walipanda mahindi, maharage na mihogo, baadaye na tumbaku, wakauza ziada nje ya makazi. Nataka uielewe hatua hiyo ya kuuza kuliko nyingine zote. Mkulima aliyekuja mikono mitupu anapopima mahindi yake mbele ya mnunuzi na kupokea fedha, anaanza kupanga ada ya mtoto, bati la nyumba, hata mahari ya kijana wake. Anaanza kuishi mahali pale badala ya kusubiri pale. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na ndiyo sababu sikubali mtu anaposema kwamba wakimbizi kwa asili yao ni watu wa kutegemea misaada.

Sikusifii kila kitu. Makazi yale yaliwekwa mbali, katika mapori yenye mbung'o, na watu walipelekwa huko bila kuulizwa wanapenda wapi. Ulyankulu ilijaza watu wengi kuliko maji yaliyokuwapo, hata sehemu yao wakahamishiwa Mishamo, iliyofunguliwa mwaka 1978, wakaanza upya kung'oa visiki. Tena uraia ulichelewa mno: Warundi wapatao 162,000 walikubaliwa kuwa raia mwaka 2010, na vyeti vikaanza kutolewa kwa wingi mwaka 2014, baada ya mpango wa kuwatawanya katika mikoa mingine kuachwa. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka 1972 alikuwa amepita miaka arobaini.

Utakakokwenda wewe hali ni nyingine. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na baadaye ikapokea Warundi pia, wakati ambapo nchi yetu ilikuwa imeacha sera ya makazi na kushika sera ya kambi. Mkimbizi haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali, hana shamba la kutosha, na mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa. Natambua kwamba mwaka 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walipovuka mpaka pale Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, serikali ilielemewa, na hofu yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo naona tulikosea kuugeuza utaratibu wa dharura kuwa maisha ya watu ya miaka mingi, na ningependa ulisikie jambo hili kutoka kwangu kabla hujazoea kuona foleni ya chakula kama jambo la kawaida.

Usiwasahau wenyeji. TCRS ilipanua kazi zake hadi kwenye vijiji vya Watanzania, kwa sababu mwanakijiji anayeona kisima kikichimbwa kwa mgeni, huku yeye akichota maji mtoni, hawezi kulaumiwa akinuna. Kwa hiyo ukifika, nenda mapema Makere na vijiji vingine vya jirani, ukawasalimie wazee, uwaulize kuhusu kuni, maji na bei za sokoni, na uyaandike wanayokuambia kwa uangalifu uleule utakaotumia kwa maelezo ya wakimbizi. Kisha niandikie ni mbegu gani zinazostawi katika bustani ndogo za kambini, nami nitaulizia Uyole kama wana aina inayokomaa mapema.

Baba yako anakusalimu sana.

Mimi mama yako