Kabla hujasaini mkopo wa digrii ya hoteli, uliza besiki kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana dirisha la maombi ya mkopo likishakaribia huwa nasumbuliwa sana na wazazi wa hapa Bagamoyo, wote swali ni hilohilo, mtoto kapata chuo anataka kusoma usimamizi wa hoteli, je inalipa? Wananiuliza mimi kwa sababu ni mhasibu wa hoteli, mishahara ya watu inapita mkononi mwangu kila mwisho wa mwezi na makato ya Bodi ya Mikopo mimi ndo nayapeleka. Sasa badala ya kumjibu mmojammoja nimeona niandike.

Jibu langu ni kwamba hoteli inalipa, ila inachelewa kulipa, na mkopo hausubiri.

Twende kwenye hesabu. Bumu, ile hela ya kujikimu anayokopeshwa mwanafunzi, sasa hivi ni shilingi 10,000 kwa siku, ukipiga siku 240 kwa mwaka ni milioni 2 na laki 4, mara miaka mitatu unapata milioni 7 na laki 2, na hapo ni kula na kulala tu, ada hujaigusa. Weka ada ambayo Bodi imekulipia, weka vitabu na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mtu anatoka chuo na deni la milioni 9 na wala hakuwa na maisha ya anasa. Huyo kijana anakuja kuajiriwa, tuseme kabahatika hoteli ya maana, anaanzia mapokezi kwa mshahara wa msingi, ndo besiki yenyewe, wa 400,000. Msiseme nimeshusha, kima cha chini cha sekta binafsi kilichotangazwa Oktoba 2025 kwa wastani ni 358,322 kuanzia Januari 2026, kabla ya hapo wastani ulikuwa 275,060, kwa hiyo laki 4 kwa anayeanza ni ofa ya kawaida kabisa. NSSF, mfuko wa pensheni, wanachukua 40,000. Inabaki 360,000, TRA, watu wa kodi, wanakata 8% ya kile kilichozidi 270,000, hapo ni 7,200. Halafu Bodi wanakuja na 15% yao, tena sio ya kilichobaki, ni ya mshahara wa msingi wote, 60,000. Kijana anaondoka na 292,800. Humo atoe kodi ya chumba Magomeni ya hapahapa Bagamoyo, bodaboda ya shifti ya alfajiri, ale, na mama yake nyumbani anajua mwanangu ni meneja.

Kwa 60,000 kwa mwezi hilo deni la milioni 9 linaisha baada ya miezi 150. Miaka 12 na nusu.

Hapo wazazi wengi wanakata tamaa, lakini kuna jambo huwa wanalisahau. Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, 6% kwa mwaka, ile aliyoifuta Rais Samia Mei Mosi ya 2021 kule Mwanza. Chukua deni lilelile la milioni 9, 6% yake ni 540,000 kwa mwaka, sawa na 45,000 kwa mwezi, na mtu mwenye besiki ya laki 3 alikuwa anakatwa 15% ambayo ni hiyohiyo 45,000. Yaani mtu anakatwa mwaka mzima na deni halijasogea hata shilingi, anasoma taarifa yake anadhani sisi wahasibu tumekula! Sasa hivi angalau kila senti inayokatwa inapunguza deni lenyewe, hivyo mtu wa hoteli anaweza kulipa polepole bila deni kumkimbia. Kwa mtazamo wangu kile ndo kitu kikubwa zaidi kilichowahi kufanyika kwenye hii mikopo, kuliko hata kuongeza bumu.

Jambo lingine ambalo watu wa nje ya hoteli hawalijui ni kwamba mshahara wa hoteli una vipande. Kuna besiki, kuna sava chaji, ile asilimia ya huduma kwenye bili ya mgeni, kwa hoteli zinazogawa, kuna bakshishi ya mgeni. Bodi inagusa besiki tu. Mwezi mzuri weita mchangamfu anaweza kumpita karani wa ofisi kwa bakshishi peke yake. Lakini ni mwezi mzuri! Na Bagamoyo yetu mnaijua, mtalii anakuja asubuhi kutoka Dar, ni karibu kilomita 70 tu, anaangalia magofu ya Kaole, anapita Caravan Serai na kanisa la kale, anakula pweza, jioni huyoo anarudi, kesho yuko Zanzibar. Vyumba vyetu vinajazwa na warsha na semina za wizara na mashirika, na watu wa Dar wa wikiendi, na ile wiki ya tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa. Mafungu ya semina yakikauka hoteli inalala. Masika ikiingia ndo kabisa, sava chaji inakuwa hela ya vocha. Mwaka 2020 wa korona sitaki hata kuukumbusha. Kwa hiyo ukiniuliza kama unaweza kupangia maisha hela ya bakshishi nitakwambia hapana, ila mwezi ikija nyingi peleka sehemu yake Bodi mwenyewe bila kusubiri makato, deni litapungua haraka kuliko hiyo miaka 12.

Halafu kuna hawa vijana wa deiwaka, wahitimu kabisa wa digrii, wanaitwa kukiwa na harusi au semina wanalipwa siku hiyo wanaondoka. Hao hawapo kwenye orodha yangu ya mishahara kwa hiyo sina pa kuwakata. Lakini utaratibu wa Bodi kwa aliyejiajiri, baada ya ile miezi 24 tangu kumaliza, ni kulipa kisichopungua 100,000 kwa mwezi au 10% ya mapato yake. Naomba mwenye akili zaidi yangu anieleze, mwenye ajira ya laki 4 analipa 60,000, wa deiwaka asiye na uhakika wa kesho aanzie laki moja? Matokeo yake wanajificha, na mimi siwashangai.

Sasa ushauri ninaowapa watu ni huu, na najua wenye vyuo hawataupenda. Mtoto aanze na cheti. Chuo cha Taifa cha Utalii wanatoa astashahada na stashahada, VETA, wale wa vyuo vya ufundi, wana chuo cha hoteli na utalii Njiro Arusha, huko mtu anashika sufuria, anatandika kitanda, anabeba trei mpaka mkono unazoea. Hoteli ikiajiri inaangalia mikono na lugha kwanza. Nimeona wenye digrii na GPA za kupendeza wameanzia kaunta ileile na dogo wa cheti, kwa besiki ileile, tofauti ni kwamba mmoja anakatwa 15% na mwingine hakatwi. Cheti nacho kina dari lake sikatai, ukishafika supavaiza wanaanza kuuliza digrii, hasa hoteli kubwa na kazi za serikali. Ndo hapo sasa uende Chuo Kikuu Huria, unasoma ukiwa kazini, ada unalipa kidogokidogo kwa mshahara ambao tayari unaujua. Mkuu wa hausikiping wa hoteli moja hapa mjini amepita njia hiyo, alianza kwa kusafisha vyumba, leo anasaini bajeti.

Ila kusema kweli mzigo wote tusimbebeshe mtoto wa miaka 19. Uingereza walioanza chuo kwa mkopo kuanzia Agosti 2023 wanakatwa 9% ya kile tu kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, chini ya hapo hawaguswi. TRA wetu wenyewe wanaiacha 270,000 ya kwanza bila kodi, Bodi inashindwa nini kuiacha hiyohiyo? Wa laki 4 angekatwa 15% ya 130,000, ambayo ni 19,500, na wa mshahara mnono angeendelea kulipa vizuri tu. Najua deni lingechukua muda mrefu zaidi, lakini tozo si haipo tena. Na ile mikopo ya diploma iliyoanza 2023/24 na fani chache za kipaumbele kama afya na ualimu, naomba watu wa hoteli nao wapewe uzito huohuo, mkopo wa cheti au diploma ni mdogo na kijana anaumaliza mapema.

Na sisi wa hoteli tuanze kuandika besiki kwenye matangazo ya kazi, maana sasa hivi tunaandika "mshahara wa kuvutia" halafu kijana anakuja kujua ni laki 3 na nusu siku ya kusaini mkataba, wakati ameshahama kutoka Korogwe na godoro lake.

Mhasibu wa hoteli,
Dunda, Bagamoyo