Barua kwa mwanangu Zainabu: vidonge usiache

Mwanangu Zainabu,

Bakari anapanda treni ya Nairobi kesho. Nimempa barua hii maana kwenye simu hukunipa nafasi ya kusema. Ati tezi za shingo zimefura kuliko ulipoanza dawa za TB, basi dawa hazifai. Nani kakwambia? Usiache vidonge.

Nilikwenda kliniki ya hapa Kisauni kuuliza. Muuguzi hakushtuka. Alisema hayo huwapata vijana na hata watoto, hasa wenye TB ya tezi: mtu ameshapata nafuu, baada ya wiki au miezi tezi zinafura upya, pengine na homa juu. Dawa zinaua vijidudu, na kinga ya mwili iliyokuwa imelemewa inaamka, inashambulia hadi mabaki ya vile vilivyokufa. Ila usijipimie mwenyewe, kwani shingo hufura pia vijidudu vikiwa sugu. Nenda kwa waliokuanzishia dawa wakutazame, wakitaka wachukue sampuli. Uvimbe ukizidi, wao wana prednisoloni ya kuutuliza, na zile za TB unaendelea nazo. Wala usikubali mtu akuminye au akutumbue.

Miezi 6 ni miezi 6, mwanangu: 2 ya dawa nne, 4 ya dawa mbili. Mkojo wa rangi ya machungwa ni rifampisini tu, mojawapo ya dawa zako. Lakini macho yakigeuka manjano, au ukitapika mfululizo, kimbia hospitali siku hiyohiyo.

Ulikwenda kupima bila kusukumwa na mtu. Shangazi zako wote nimewasimulia, na kichwa juu. Sasa ukaidi huu umeutoa wapi? Na kula peke yako chumbani ukome. Picha ya kifua ilitoka safi, na TB ya tezi peke yake haiambukizi wenzako. Ile mizizi niliyokutumia iweke kando. Muuguzi alinikazia macho nilipoitaja.

Paa la jikoni linavuja tena na fundi anataka nusu ya pesa kabla hajapanda ngazi. Nduguyo kavaa viatu vyako vya shule ya zamani, vimemkaa vizuri. Bakari ana mahamri na kashata zako. Vidonge kwanza, tumbo likiwa tupu, mahamri baadaye.

Jumatatu ukishaonwa nipigie, hata kama ni usiku. Nataka kusikia umemeza.

Mamako