Notisi ya Siku 20 Haimaanishi Tumekushtaki: Kwa Wenye Nyumba Wanaojenga na Kukarabati California

Simu hizi hazikomi. Mwenye nyumba amepokea kutoka kwetu barua ya posta ya kusainiwa, ile notisi ya siku 20, ameifungua, amekuta imeandikwa kwamba nyumba yake inaweza kuwekewa lieni, yaani dai la deni juu ya nyumba, na anatupigia akiwa amefura: "Mimi sina mkataba na nyinyi. Mkandarasi wangu nimeshamlipa. Nyumba yangu mnaitakia nini?" Hivi karibuni mama mmoja alituita matapeli kabla hata bomba la kwanza halijafungwa kwake. Tulimjibu kwa heshima, lakini maneno yale yaliuma, kwa sababu barua aliyoishika ndiyo ambayo ingemwokoa kama angeisoma hadi mwisho.

Sisi ni kampuni ndogo ya mabomba. Kazi zetu nyingi hazitoki kwa mwenye nyumba moja kwa moja. Zinatoka kwa mkandarasi mkuu, yule uliyesaini naye mkataba wa kuongeza chumba au kubadilisha jiko. Yeye ndiye anayetuita sisi, fundi umeme, watu wa gipsam, watu wa vigae na watu wa paa, na ndiye anayechukua vifaa dukani kwa mkopo. Hela yako inapita mikononi mwake kwanza. Ikikwama hapo, sisi hatujalipwa, na mabomba yetu yameshafungiwa ndani ya ukuta wako.

Ndiyo maana kuna lieni. Ni dai la deni linalosajiliwa kwa msajili wa kaunti juu ya nyumba yenyewe, sio juu ya mkandarasi. Marekani sheria ya namna hii ilianzia Maryland mwaka 1791, wakati mji wa Washington unajengwa, ili mafundi na wauza vifaa wakubali kufanya kazi kwanza na kulipwa baadaye. California haki hiyo imo hadi kwenye katiba ya jimbo. Muuza gari asipolipwa huja kulichukua gari lake. Fundi bomba hawezi kuvunja ukuta wa bafu kuchukua mabomba, na hata akiyatoa hayana thamani tena.

Jambo linalowauma wateja zaidi, na sisi hatutalificha: kumlipa mkandarasi mkuu hela yote hakukukingi. Tuseme umemlipa dola 60,000, risiti zote unazo, hundi zimepita benki. Kama hakumlipa fundi bomba dola 9,000 zake, fundi huyo bado anaweza kusajili lieni ya dola 9,000 kwenye nyumba yako. Utazilipa mara ya pili, halafu uanze kumtafuta mkandarasi akurudishie. Dai lenyewe haliwezi kuzidi bei ambayo fundi alikubaliana na mkandarasi, wala thamani halali ya kazi aliyofanya. Inachukuliwa iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Lakini nyumba yenye lieni ni shida kuiuza na ni shida kuibadilishia mkopo, na dai lisipolipwa fundi anaweza kwenda mahakamani kuomba nyumba iuzwe.

Sasa ile barua. Fundi au duka lisilo na mkataba na wewe halina haki ya lieni kama halikukutumia notisi ya awali. Inatakiwa itumwe ndani ya siku 20 tangu kazi au vifaa vilipoanza kufika kwako. Ikichelewa haki haifi yote, ila inashika kazi ya siku 20 kabla ya notisi na kuendelea; ya nyuma zaidi imepotea. Kwa hiyo sisi tunatuma kila kazi, bila kubagua, hata kama mkandarasi tumefanya naye kazi miaka mingi na hajawahi kutuchelewesha. Haimaanishi tuna wasiwasi na wewe. Na kama ofisi yetu isingetuma, ungekuwa unajengewa na watu usiowajua.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena, maana wengi wanaipita. Notisi za awali ndizo orodha yako ya watu wanaokudai kupitia mkandarasi. Kila ukipokea moja, weka kwenye faili. Kuna mzee mmoja alikuwa anakataa kusaini barua za posta. Kila bahasha ya kusainiwa alikuwa anairudisha, akiamini kwamba asichokipokea hakimhusu. Kisheria notisi inahesabika ikishapostiwa ipasavyo, uipokee usiipokee. Alichopoteza ni taarifa. Bahasha mojawapo ilitoka kwenye duka la vigae ambalo yeye hakujua hata kama lipo, kwa sababu vigae vilikuja kwenye gari la mkandarasi. Duka halikulipwa. Alikuja kujua lieni ilipokuwa imeshasajiliwa, na wakati huo mkandarasi alishachukua malipo ya mwisho na simu hapokei.

Vibarua wanaolipwa ujira hawalazimiki kutuma notisi, na wao pia wana haki ya lieni. Kwa hiyo ukiona vijana wapo nyumbani kwako kila siku halafu ghafla wamekoma kuja katikati ya kazi, muulize mkandarasi swali la moja kwa moja: wamelipwa?

Hati ya kuachia dai, na kwa nini tunakataa kusaini nyingine

Hapa ndipo tunapogombana na wateja wazuri kabisa. Mtu amesikia kwamba achukue hati ya kuachia dai kutoka kwa kila fundi, na ni ushauri mzuri sana. Anatuletea karatasi aliyoichapa mwenyewe, tumekaa jikoni kwake, anataka tusaini kwamba hatumdai chochote. Hela bado iko kwa mkandarasi. Tunakataa, na anaona tuna hila.

California ina hati za aina nne, na maneno yake yamewekwa na sheria. Mbili ni za malipo ya awamu, mbili za malipo ya mwisho. Katika kila jozi, moja ina sharti na nyingine haina. Yenye sharti inasema: tunaachia dai letu hundi hii ya kiasi hiki ikipita benki. Isiyo na sharti inasema: tumeshalipwa, tumeachia, basi. Fundi akisaini isiyo na sharti kabla ya kulipwa, amejinyonga. Haki yake imekwenda hata hundi ikirudi. Ndiyo sababu hatusaini hiyo mpaka hela iingie. Lakini yenye sharti tutakusainia bila ubishi, siku yoyote, na kalamu tunakuja nayo wenyewe. Karatasi ya kujitungia ambayo haifanani na hati za sheria haikusaidii chochote, hata ikiwa na saini nzuri.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Mkandarasi anapoleta bili ya awamu, mwambie alete pamoja nayo hati zenye sharti za kila aliyekutumia notisi, kwa kiasi cha awamu hiyo. Mlipe. Awamu inayofuata, kabla ya kuandika hundi nyingine, akuletee hati zisizo na sharti za awamu iliyopita. Akikosa ya fundi bomba, pigia simu fundi bomba. Namba yetu ipo kwenye notisi kwa sababu hiyo hiyo, na karani wetu atakuambia siku hiyo hiyo kama tumelipwa au la. Mkandarasi mwaminifu haoni taabu kwa utaratibu huu. Tunafanya kazi na wengine ambao faili la hati linakuja mezani kwa mteja kabla hajaliomba. Anayekasirika, anayesema "huniamini?", mwangalie vizuri.

Kuna pia hundi ya majina mawili, la mkandarasi na la fundi. Haiingii benki bila saini za wote wawili. Kwa bili kubwa, kama ya mabomba ya nyumba nzima au madirisha, hatujui njia rahisi kuliko hiyo. Mkubaliane na mkandarasi mapema na muiandike kwenye mkataba. Usijaribu kumruka na kutulipa sisi pembeni bila yeye kukubali. Bwana mmoja alitaka kufanya hivyo nasi ili "aokoe asilimia ya mkandarasi", tukamkatalia, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa bado unamtaka amlipe mkandarasi kiasi kile kile.

Njia ya mkato iliyo ghali

Njia ya mkato tunayoiona mara nyingi kuliko zote ni hii: mkandarasi anasema, nipe hela mapema, nikupunguzie. Nusu sasa, nusu nyingine wiki ijayo nikaagize makabati. Mteja anafurahi kwa punguzo. Kwa kazi za ukarabati wa nyumba, sheria ya California hairuhusu malipo ya kuanzia kuzidi dola 1,000 au asilimia 10 ya bei ya mkataba, iliyo ndogo. Baada ya hapo, malipo hayatakiwi kutangulia kazi iliyofanyika au vifaa vilivyofika. Anayekuomba nusu kabla hajachimba hata shimo anakuomba uvunje kinga yako mwenyewe, na mara nyingi hela hiyo inakwenda kumalizia nyumba ya mteja aliyetangulia. Tumefika kwenye nyumba za namna hiyo tukakuta asilimia 90 ya hela imelipwa na kuta bado ziko wazi, nyaya zinaning'inia. Hapo hakuna aliye tayari kuja kumalizia, kwa sababu kilichobaki hakilipi hata fundi mmoja.

Wengine wanatuambia, "Lakini mkandarasi ana dhamana ya leseni." Ni kweli, kila mwenye leseni anatakiwa kuwa nayo, na tangu Januari 2023 ni dola 25,000. Hiyo ndiyo jumla. Wanaidai wateja wake wote aliowaangusha, wafanyakazi wasiolipwa na wengine, nayo ni ile ile moja. Dhamana inayomkinga mwenye nyumba hasa ni dhamana ya malipo, yaani ahadi ya kampuni ya dhamana kuwalipa mafundi na maduka mkandarasi asipowalipa: ikifikia walau asilimia 50 ya bei ya mkataba, na ikasajiliwa kaunti pamoja na mkataba kabla kazi haijaanza, mahakama inaweza kulibana deni lako lisizidi kile ambacho bado hujamlipa mkandarasi. Ina gharama yake. Kwa kazi kubwa inafaa uulize bei kabla ya kusaini.

Na kwa kuwa tumefika kwenye bei, tuseme. Tunajua bei yetu haiwi ya chini kwenye meza ya mkandarasi. Ndani yake kuna bima, kibali, duka la vifaa linalolipwa kila mwisho wa mwezi tuwe tumelipwa tusiwe tumelipwa, na kuna muda wa kupima. Mabomba ya maji taka tunayaziba chini, tunajaza maji hadi yasimame futi 10, tunayaacha dakika 15 kabla mkaguzi hajaanza, na fundi wetu anapitisha kidole chini ya kila kiungo kutafuta unyevu. Mara moja mkandarasi alitubadilisha katikati ya kazi kwa fundi wa bei nafuu, na mwenye nyumba akafurahia tofauti ile. Fundi yule hakupima. Gipsam ikafungwa, vigae vikapangwa, na doa likatokea kwenye dari ya sebule. Tuliitwa kurekebisha kiungo kimoja. Gharama kubwa ilikuwa kuvunja na kurudisha bafu lililokuwa limekamilika, na wakati huo huo lile duka lililomkopesha fundi wa nafuu vifaa lilikuwa limeshatuma notisi yake.

Kazi ikiisha

Usikae tu. Ndani ya siku 15 baada ya kazi kukamilika unaweza kusajili kaunti taarifa ya kukamilika. Bila taarifa hiyo, mafundi wote wana siku 90 za kusajili lieni. Ukiisajili, mkandarasi mkuu anabaki na siku 60 na sisi wengine siku 30. Ndiyo, inatubana sisi, na bado tunakushauri uifanye. Shikilia malipo ya mwisho mpaka hati za mwisho ziwe mkononi, au mpaka siku hizo zipite.

Kama lieni imeshasajiliwa, angalia tarehe kwanza. Aliyeisajili ana siku 90 tangu siku ya kusajili kufungua kesi ya kuitekeleza. Zikipita bila kesi, na hamkusajili makubaliano ya kuongeza muda, dai hilo halitekelezeki tena, lakini halijifuti lenyewe kwenye kumbukumbu za kaunti. Mwandikie aliondoe, mpe siku 10, na asipofanya hivyo unaiomba mahakama. Atakayeshinda analipwa gharama za wakili. Kama unauza nyumba na huwezi kusubiri, kuna dhamana ya kuiondoa lieni, ambayo ni asilimia 125 ya kiasi kinachodaiwa. Kufikia hapo tafuta wakili wa ujenzi, usimtegemee fundi bomba.

Kwa upande wetu, kusajili lieni ni jambo la mwisho kabisa, baada ya kumpigia mkandarasi, kumwandikia, na kukupigia wewe. Inapotokea, na tukalipwa, hati ya kuiondoa tunaipeleka kaunti sisi wenyewe, na nakala yenye muhuri tunamtumia mwenye nyumba. Gharama ya kazi hiyo hatumdai.