Kabla hujafungua blogu ya ushonaji

Mpendwa Rehema,

Salaam nyingi, na pole kwa kazi za Idi. Najua wapo waliochukua nguo na deni wakalisogeza hadi Mfungo Tatu, lakini hayo tuyaache.

Umeniuliza blogu inaanzishwaje, na kama pesa anayoitaka yule kijana wa stesheneri ili akufungulie ni ya haki. Usimlipe. Kufungua ni bure, na kwa simu uliyonayo hakuchukui hata nusu saa. Tena akikufungulia yeye kwa barua pepe yake, mwenye blogu kwa sheria za Google ni yeye. Siku mkikosana, au akihama mji, unabaki unaitazama tu.

Ninachokuomba ni usifungue leo. Chukua daftari uandike makala kumi kwanza. Blogu nyingi hufa zikiwa na makala tatu: ya "Karibuni kwenye blogu yangu", ya kuomba radhi kwa ukimya, na ya Heri ya Mwaka Mpya. Mwenye blogu alimaliza nguvu zote kwenye rangi na nembo. Ukiwa na kumi mkononi ukawa unatoa moja kila Jumatatu, una miezi miwili na ushee ya kuandika nyingine bila presha. Mpiga picha Issa Michuzi alipoanza blogu yake mwaka 2005, watu hawakurudi kwa ajili ya urembo wa ukurasa. Walirudi kwa sababu kila wakifungua kulikuwa na picha mpya.

Uandike nini? Maswali ambayo wanafunzi wako wa cherehani wanakuuliza kila siku, kila swali na makala yake. Anayetafuta jambo Google haandiki "umuhimu wa ushonaji". Anaandika "kwa nini cherehani inakata uzi". Basi hicho ndicho kichwa chako, neno kwa neno. Chini yake usianze na historia ya cherehani, anza na jibu: sindano imewekwa upande wake bapa ukiwa umegeuka, au imechakaa, uzi umeruka hatua moja njiani, kikaza uzi kimebanwa mno, au uzi wenyewe ni dhaifu, umekaa juani dukani hadi ukaoza. Upange hivyo, kuanzia kosa linalorekebishika kwa dakika moja, maana anayesoma ana nguo ya mteja mkononi. Taja namba: sindano 14 kwa kitenge, 16 au 18 kwa jinzi. Piga picha ya karibu ya sindano ikiwa kwenye mashine, upande bapa uonekane vizuri. Maneno 400 hadi 600 yanatosha. Mwishoni weka kiungo cha makala yako nyingine inayofanana, kama ya mshono unaoruka, ili aliyekuja kwa shida moja akute na ya pili.

Makala ya namna hiyo haichakai. Uliyoiweka kwenye status ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24, lakini ya blogu ina anwani yake, na fundi wa Songea ataikuta hata miaka miwili baadaye.

Sasa kufungua. Nakushauri Blogger, huduma ya kufungulia blogu ambayo ni ya Google tangu 2003. Si nzuri sana kwa sura, ila haikudai senti na hakuna cha kutunza. Watakaokwambia WordPress wanachanganya mambo mawili. WordPress.com wanakuhifadhia wao, na ukiwa kwenye huduma ya bure wanaweka matangazo yao. Programu ya WordPress.org nayo ni ya bure, lakini kila mwaka unalipia mahali pa kuiweka, na kuisasisha ni juu yako. Ikikaa miezi bila kusasishwa, wezi wa mtandaoni hupitia kwenye viongezi (programu ndogo za nyongeza) vya zamani na kukujazia matangazo ya kamari. Hiyo iache kwanza.

Tengeneza Gmail mpya ya kazi hii, washa uthibitishaji wa hatua mbili (juu ya nenosiri, unathibitisha tena kwa simu yako), kisha ingia blogger.com. Utaulizwa jina la blogu, halafu anwani inayoishia na blogspot.com. Iwe fupi, bila namba wala vistari, mtu akitajiwa kwa mdomo aiandike bila kukosea. Chagua mwonekano wenye mandhari meupe, usihangaike nao tena. Ukishafungua, mwongeze mtu wa pili unayemwamini awe msimamizi, kwa Gmail yake. Laini ikipotea na nenosiri likasahaulika, yeye ndiye mlango wako wa kurudia.

Kwenye mipangilio, angalia saa kabla ya kitu kingine. Mara nyingi Blogger huja na saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 10 au 11. Usipobadili kuwa GMT+3, makala ya Jumatatu asubuhi itasomeka ya Jumapili, na uliyoipangia itoke yenyewe itatoka wakati usioutaka.

La pili ni anwani ya makala. Blogger huitengeneza kutokana na kichwa wakati unapochapisha, na ukija kubadili kichwa baadaye anwani haibadiliki. Ukichapisha kwa kichwa cha "jaribio", utakuwa na "jaribio" kwenye anwani. Kurekebisha kunataka uirudishe makala kuwa rasimu, na aliyekwisha kusambaza kiungo cha zamani atakuta hakifunguki. Kwa hiyo kichwa kikamilike kwanza.

Picha ya simu ina MB 3 hadi 5. Blogger huipunguza yenyewe inapomwonyesha msomaji, lakini bando la kuipandisha ni lako. Ipunguze iwe na upana wa pikseli 1200 hivi. Njia rahisi ni kujitumia mwenyewe kwa WhatsApp kwa ubora wa kawaida kisha kuihifadhi. Inapungua sana, na taarifa za mahali ilipopigwa zinaondoka, jambo zuri kama umepiga nyumbani kwa mteja. Picha za Google usichukue, zina wenyewe. Na wewe una mikono na cherehani, unazihitaji za nini?

Kila mwezi pakua nakala ya blogu kwenye mipangilio. Ni faili lenye maandishi na maoni. Picha zako zitunze kando.

Jina la .co.tz linaweza kusubiri hadi ufikishe makala ishirini. Ukilinunua, lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, kwa wakala aliyeidhinishwa kusajili majina ya .tz, na ukumbuke kulipia kila mwaka. Kuhusu leseni ya blogu, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Soma za sasa kwenye tovuti ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hasa ukiwaza siku moja kuweka na habari za matukio.

Fedha za matangazo usizitegemee mwanzoni. AdSense, huduma ya matangazo ya Google, hulipa ukifikisha dola 100, na ukifika dola 10 hukutumia namba ya uthibitisho kwa posta, hivyo utahitaji S.L.P. inayofanya kazi. Kwa fundi, faida ya haraka ni mteja au mwanafunzi aliyekusoma kisha akapiga simu. Namba ya kazi iwe chini ya kila makala.

Anza na ile ya uzi unaokatika. Ikiisha piga picha kurasa za daftari unitumie, nitakuwekea alama panapohitaji picha.

Msalimie mama na mafundi wote hapo kibarazani.

Wako,
Saumu