Chati ya Kadutu ilihesabiwa na nani?

Bwana Mhariri,

Salamu toka Kadutu, hapa Bukavu, Kongo. Nimesoma ile ukurasa wenu ya wiki jana juu ya nyimbo zilizokuwa namba moja miaka ya tisini, nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha sababu karibu zote nazijua, ya pili roho ikaniuma, maana toka mwanzo mpaka mwisho ni Marekani na Uingereza tu, hakuna hata wimbo mmoja wa kwetu, na kichwa cha habari kinasema "nyimbo tulizozipenda". Tulizozipenda sisi akina nani?

Naongea juu ya kazi niliyoifanya kwa mikono yangu. Toka 1991 mpaka 1996 nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti karibu na soko la Kadutu, radio mbili, kila moja na milango miwili ya kaseti, mteja analeta kaseti tupu ya dakika 60 ao 90, anasema anataka nini, naandika kwenye daftari ya komande, yaani vile wateja wameomba, anarudi kesho yake kama umeme haukukatika. Wengi hawakujua jina la wimbo, walikuwa wanaimba kidogo pale mlangoni halafu wananiangalia, na mimi nilikuwa najua. Kaseti nyingine zilikuja na ndege toka Kinshasa, nyingine Bujumbura, na nyimbo nyingi za wazungu tulizichota redioni usiku, kidole kiko juu ya kifungo, unaomba mtangazaji asiongee kabla wimbo haujaisha.

Whitney Houston mmemwandika vizuri, wiki 14 namba moja Marekani na "I Will Always Love You", mwisho wa 1992 kuingia 1993. Hamkusema kama huo wimbo ni wa Dolly Parton, aliutunga mwenyewe na akautoa 1974, na ni wimbo wa kuagana. Hapa Bukavu sisi tuliupiga kwenye arusi! Vijana wa leo wanaojua Kiingereza wananiambia tulikosea, mimi sioni kosa, bibi arusi naye ile siku anaaga kwao, na mama zetu walilia palepale sauti inapopanda, hakuna mtu aliyewatafsiria hata neno moja.

Lakini njo nataka tuelewane hapa: chati, ile orodha ya nyimbo zinazoongoza, ni namna ya kuhesabu. Mpaka Novemba 1991 Billboard, lile gazeti la Marekani linalopanga chati yao, ilikuwa inategemea ripoti za maduka na maredio, mtu anasema vile anaona, halafu wakaanza kuhesabu kwa mashine, ile alama ya mistari iliyo kwenye kaseti ikipita kwenye mashine ya kulipia dukani inahesabiwa, na mashine nyingine inasikiliza redio. Baada ya hapo nyimbo zikaanza kukaa juu muda mrefu sana. Elvis Presley alikuwa na rekodi ya kukaa juu wiki 11 toka 1956, kundi la Boyz II Men wakaivunja 1992 kwa wiki 13, na wao hao pamoja na Mariah Carey wakafika wiki 16 na "One Sweet Day" 1995 mpaka 1996. Mimi siamini kama Wamarekani walianza ghafla kupenda wimbo mmoja kushinda zamani, ni hesabu ilibadilika.

Tena kulikuwa na sharti, mpaka Desemba 1998, wimbo usiouzwa dukani kama singo, yaani peke yake bila albamu, ulikuwa hauingii kwenye ile chati kubwa yao. "Don't Speak" ya bendi No Doubt ilikaa juu ya chati ya maredio wiki 16, nchi nzima inaisikia asubuhi na jioni, na kwenye ile chati kubwa haikukanyaga kabisa. Sasa kama Marekani yenyewe, na mashine zake zote, wimbo unaweza kupotea hivyo, wa kwetu ambao haukuhesabiwa na mtu utaonekana wapi?

Hata mwenzetu Youssou N'Dour, mwimbaji wa Senegal, mmemruka. "7 Seconds" aliyoimba na Neneh Cherry ilikaa namba moja Ufaransa wiki 16, mwaka 1994, na ndani mle kuna Kiwolofu, lugha ya kwao. Mngetafuta kidogo tu mngeipata.

Na hapa kwetu sasa? Pépé Kallé, mwimbaji wetu wa Kinshasa, alimwimba Roger Milla, yule mchezaji mpira wa Kameruni, baada ya Kombe la Dunia la 1990, watoto wa Kadutu walikuwa wanacheza ule mpira wa makaratasi huku wanauimba. Wenge Musica, bendi ya Kinshasa, kabla haijapasuka 1997, wee, ile kaseti mpya ikifika nilikuwa narekodi mpaka radio inachemka, nazima, nangoja ipoe, nawasha tena. Koffi Olomide, mwimbaji mwingine wa kwetu, hiyo walikuwa wanaiomba akina dada, na wanaume waliokuwa wanataka kuwapelekea akina dada zawadi. Najua pia kama senti hata moja ya zile kaseti haikumfikia mwimbaji, na hiyo inanisumbua mpaka leo, lakini pia ndiyo sababu hakuna karatasi yoyote inayoonyesha ziliuzwa ngapi.

Karatasi ilikuwa ile daftari yangu. Nilikuwa nayo ya tatu imejaa, jina la mtu, wimbo, dakika 60 ao 90, amelipa ao bado. Mwisho wa Oktoba 1996 vita ikafika Bukavu, tukakimbia kwa miguu na watoto, niliporudi kibanda kilikuwa wazi, radio hakuna, kaseti hakuna, daftari hakuna. Kwenye ukurasa wenu mmeandika kama "Macarena" ilikuwa namba moja Marekani wiki 14, toka Agosti mpaka mwanzo wa Novemba 1996. Nimeiangalia ile tarehe muda mrefu, Bwana Mhariri. Ndiyo zile wiki zetu, na mimi nilikuwa na komande za huo wimbo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, wengine mpaka leo sijui wako wapi.

Naomba gazeti lifungue ukurasa mwingine. Waulizeni waliokuwa wanarekodi kaseti Goma, Uvira, Lubumbashi, madereva wa taxi wa zamani, wanamuziki waliokuwa wanapiga kwenye arusi, kila mmoja aandike nyimbo kumi alizoombwa sana na mwaka gani, muweke zote pamoja muone zipi zinarudi. Wengi wetu tumeshapita miaka hamsini na wengine tumewazika tayari. Ya kwangu nimeanza kuiandika tena kwa kichwa, nimefika komande ya 43, na nitawaletea mkiniambia mnaitaka.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu