Mume wangu anataka mbwa wetu achomwe sindano ya kufa

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia sijalala. Kifafa kimemshika tena mbwa wetu usiku, akiwa usingizini kama kawaida yake, na hadi sasa anazunguka sebuleni akijigonga kwenye viti, maana akizinduka huwa haoni vizuri kwa muda. Mume wangu akatokeza mlangoni, akamtazama, akasema, "Mpeleke akachomwe sindano, tulale." Akafunga mlango. Shangazi, akafunga mlango!

Na ni yeye aliyemleta. Mimi sikutaka mbwa.

Usiniambie nimpeleke kwa daktari, nimeshampeleka. Damu imepimwa: sukari haijashuka, ini ni zima, hakuna dalili ya sumu. Daktari wa mifugo akasema ni kile kifafa kisichoonekana chanzo, ambacho mara nyingi huanza mbwa akiwa kati ya miezi 6 na miaka 6. Wetu ana miaka 3. Anakunywa fenobabitoni, dawa ya kifafa, kila baada ya saa 12 na sijamrusha dozi. Mume wangu anasema dawa haisaidii. Inasaidia! Mwanzoni alikuwa akianguka mara mbili, tatu kwa siku, sasa wiki zinapita. Tuliambiwa wazi kwamba lengo ni kupunguza, huenda kisiishe kabisa, na kwamba dawa haikatishwi ghafla, kifafa kitarudi kwa nguvu. Alikuwa amekaa pale pale anasikia. Leo ananiambia tulale.

Anasema namtesa mnyama. Namtesaje? Akianguka nasogeza meza, nazima taa, natazama saa. Simtii mkono mdomoni. Mbwa hamezi ulimi, utang'atwa bure. Zikipita dakika 5, au akishikwa zaidi ya mara moja ndani ya saa 24, hiyo ni dharura, nambeba naenda. Usiku huu hazikufika hata 2. Na wakati ule hana fahamu, daktari alinihakikishia.

Siulizi habari za ndoa, ndoa yangu haina shida. Mtoto wetu alipokuwa akipata degedege ni baba yake aliyekesha naye, mimi nikilia tu. Ndiyo maana sielewi. Mtu yule yule, leo anafunga mlango.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Ninapotazama ile saa huwa naomba iwe mara ya mwisho, na usiku huu sikujua naomba apone au afe. Nimechoka, Shangazi. Dawa inampa kiu na njaa isiyoisha, mikojo sakafuni, na kwa mama yangu siwezi kulala hata usiku mmoja kwa sababu hakuna mwingine wa kumpa vidonge. Halafu kukipambazuka analeta kamba yake mdomoni anataka tutoke. Mbwa wa namna hiyo unamchomaje sindano?

Nataka uniambie mume wangu amekosea. Au niambie mtu anajuaje kwamba sasa imetosha, ila usinijibu kwamba ni mbwa tu, hilo nimeshalisikia.

Wiki hii tunarudi kupima kiwango cha dawa kwenye damu. Anasema safari hii atakuja, amuulize daktari mwenyewe habari ya sindano. Nikubali aje?